Mchochea Moto wa Muhoroni

Baba, nimekaa na damu yako mezani,
chupa moja yenye kifuniko chekundu,
jina nimeliandika mwenyewe kwa wino usiofutika:
Abidha, miaka sabini na miwili, mwanamume.
Mashine inazunguka. Nje, jua la Kisumu linalainisha lami,
na mimi niliyeapa kutopima damu ya nyumbani
nimeapa uongo.

Utaniuliza jioni, kwa simu,
"Akeyo, moyo wangu una nini?"
Sitakujibu kwa maneno ya daktari.
Nitakujibu kwa boila.

Unaikumbuka namba mbili?
Miaka thelathini na mmoja uliilisha makapi ya miwa,
beleshi kwa beleshi, zamu ya usiku,
ukirudi alfajiri nyusi zimeungua,
harufu ya molasi haitoki hata ukioga mara mbili.
Ulisema, "Moto hauli makapi, binti yangu.
Moto hula mkono unaoyatia."
Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani ni mzaha.

Sasa sikiliza. Katika kila seli ya moyo wako
wamejaa wachochezi, si wale wa siasa,
wachochezi wa moto. Vitabuni ni vimeng'enya.
Hawana likizo, hawana chama,
hushika, hukata, huachilia, hushika tena,
nao wenyewe hawaungui.
Walianza zamu
kabla nyanya hajajua kuwa ana mimba yako.

Moyo mzima hupenda mafuta
kama boila ilivyopenda makapi makavu;
sukari ikija, nayo haikatai.
Ujanja wake ndio huo, kubadili:
usiku hiki, mchana kile,
na ukipanda kilima cha Koru, vyote kwa pamoja.

Lakini uzee, baba,
ni ule mwaka wa mvua kiwandani.
Makapi yalilowa. Wakongwe wakapungua mmoja mmoja,
aliyestaafu hakupata mrithi,
aliyebaki mikono mizito.
Moto ukawaka nusu, moshi mweusi,
masizi yakaganda kwenye mabomba,
na meneja akayaita hayo marekebisho.

Ndivyo kifuani.
Mafuta yanafika, hakuna wa kuyapokea,
yanalala mlangoni kama trekta za miwa
zilizopanga foleni siku tatu, mzigo ukichacha.
Na moyo, wenye njaa ghalani,
unang'ang'ania sukari peke yake.

Mashine imenyamaza. Karatasi inatoka.

Nikwambie kazi yangu ni nini hasa?
Kimeng'enya cha moyo mahali pake ni ndani.
Nikikikuta kwa wingi kwenye damu,
nimemkuta mfanyakazi nje ya lango.
Nawahesabu waliotupwa nje, baba. Ndiyo kazi yangu.
Na kila nikihesabu nakuona wewe, Ijumaa ile,
umesimama ng'ambo ya barabara, ovaroli imekunjwa,
beleshi begani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukunyang'anya,
ukitazama dohani lisilotoa moshi.

Jioni nilipiga. Nikasema yote,
boila, mvua, lango,
nikasema wengine huitwa wakarudi,
na kwamba huitwa kwa miguu: nusu saa kila siku,
na chai bila vijiko vile vinne.
Ulinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

"Waliotupwa nje ni wangapi?"
Nikakutajia.
"Na waliobaki ndani?"

Nikaitazama karatasi, mbele na nyuma.
Mashine haiwahesabu waliobaki.

"Basi," ukasema, "hao wako kazini,"
kisha ukaweka simu kando bila kuikata,
nikakusikia ukimuuliza mama
viatu vyako vya raba ameviweka wapi,
naye akikujibu kuwa ni usiku,
nawe ukisema usiku ndio zamu yako.